Kupanga Ghala la Sauti: Mwongozo kwa Wanaotengeneza Muziki Nyumbani

Kwenye kompyuta yangu kuna faili linaloitwa Sauti 014. Ndani yake mna sekunde 40 za ngoma ya kiganja, nzito chini, kavu juu, na mpigaji ana namna ya kuchelewesha pigo la mwisho ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Nilirekodi mwenyewe, kwa simu, kwenye shughuli fulani miaka kadhaa iliyopita. Shughuli gani, mtaa gani, na mkono ule ni wa nani, sikumbuki. Nimewahi kujenga wimbo mzima juu ya sekunde hizo, ukapendeza, kisha nikauweka kando. Nitamwombaje ruhusa mtu nisiyemjua? Nitamlipaje? Sauti ninayo, kuitumia siwezi.

Makala haya ni kwa yeyote anayetengeneza muziki kwa kompyuta, awe na studio inayokodishwa kwa saa au laptopu na spika mbili chumbani kwake. Nazungumzia vile vipande vya sauti tunavyojengea biti, yaani sampuli: pigo moja la kiki, snea, makofi, lupu ya kayamba, mstari wa udi, kelele za stendi ya daladala. Wengi huchukulia kuzipanga kama kufagia uani, kazi ya siku ambayo hakuna wateja. Mimi nimefika mahali pa kuihesabu ndani ya utunzi wenyewe. Prodyuza anayeishika sauti anayoitaka ndani ya sekunde kumi humkuta mwimbaji bado ana kiitikio mdomoni. Akipekua robo saa, atamkuta ameshashika simu na ule moto umepoa.

Kilichotufikisha hapa ni wingi. Mashine ya E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987 na kupendwa sana na watengeneza biti wa hip hop wa New York, ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 hivi za sauti. Kumi tu. Mtu alichagua kwa uchungu kila alichokiingiza, na kwa hiyo alikijua. Leo diski ya TB 1 inaenea mfukoni. Sauti ya ubora wa CD, stereo, hula MB 10 na ushee kwa dakika. Ukipiga hesabu, diski hiyo inabeba zaidi ya saa 1,500, ambazo ni siku 60 na zaidi za kusikiliza usiku na mchana bila kulala. Hakuna sikio linaloweza kukumbuka yote hayo. Lazima jina na mahali pa kuwekwa vikukumbukie.

Nenda Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya vipuri vya magari. Fundi anafika, anataja bushi ya mbele ya Noah, na muuzaji ananyoosha mkono bila hata kugeuza kichwa. Muuzaji yule hakupanga mali yake kufuatana na kontena iliyoileta. Aliipanga kufuatana na swali atakaloulizwa. Sasa fungua kompyuta yako uone: bila shaka umepanga kwa kontena. Kila pakiti ya sampuli uliyoipakua iko kama ilivyokuja, ina folda yake ya kiki, folda yake ya snea, folda yake ya lupu. Ukiwa na pakiti arobaini, kiki zako zinaishi katika nyumba arobaini, na kwa kuwa huwezi kubisha hodi kote, unarudi kwenye nyumba mbili unazozijua. Ndiyo maana biti za watu wengi hufanana.

Ushauri wangu ni kuzivunja pakiti: kiki zote zikae pamoja, makofi yote pamoja, bila kujali zimetoka wapi. Ala zilizorekodiwa nota kwa nota kwa ajili ya programu kama Kontakt usiziguse, kwa sababu programu hutafuta kila kipande mahali pake na ukikihamisha ala inakuwa bubu. Na kila pakiti ina maandishi ya leseni, yatunze, nitayarudia.

Kabla ya kuhamisha chochote

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mradi wa FL Studio, lile faili linaloishia na .flp, kwa kawaida haubebi sauti ndani yake. Unabeba anwani tu: sauti hii iko diski fulani, folda fulani, jina fulani. Programu nyingine nyingi za kurekodia zinafanya vivyo hivyo. Ukihamisha folda au kubadili jina la faili, unakuwa umehamisha nyumba bila kumwambia tarishi. Siku moja nilipanga folda moja tu ya snea, kwa nia njema, na wiki iliyofuata mteja alirudi kutaka marekebisho. Mradi ukafunguka bila snea. Nikafungua mwingine, na mwingine: nyimbo 11, zote zimepwaya katikati. Kuzirudisha moja moja kulinichukua siku tatu.

Basi, kabla ya kugusa ghala, funga kwanza miradi yote iliyo hai pamoja na sauti zake. Kwenye FL Studio, fungua menyu ya File, nenda Export, chagua Zipped loop package. Utapata faili moja la zip lenye mradi na sampuli zake zote. Kwenye Ableton Live kazi hiyo inafanywa na Collect All and Save. Reaper inakupa, unapohifadhi mradi kwa jina jipya, kisanduku cha kuagiza sauti zote zinakiliwe kwenye folda ya mradi. Ukimaliza, jaribu kufungua mawili matatu kwenye kompyuta nyingine kabisa, ya rafiki. Yakilia huko, uko salama. Na iwe desturi: kila wimbo unapokabidhiwa kwa mteja, ufunge hivyo siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo tengeneza nyumba moja. Iwe folda moja tu yenye jina fupi, kwenye diski isiyo na mfumo wa kompyuta kama unayo, mfano D:\SAUTI. Ufupi una sababu yake. Kwa kawaida Windows huhesabu anwani nzima ya faili, folda na jina pamoja, na programu nyingi hugoma zikivuka herufi 260. Pakiti zenye folda ndani ya folda ndani ya folda hufika huko upesi. Usiiweke nyumba hiyo ndani ya folda za programu yenyewe, kwa sababu siku ya kufuta programu au kuweka toleo jipya hujui kitakachosalia. Kwenye FL Studio unaweza kuiongeza kwenye orodha ya upande wa kushoto kupitia Options, kisha File settings, nayo itaonekana kila unapofungua.

Ndani yake mimi nina vyumba vitatu. Mapokezi ni pa kila kitu kinachoingia leo: kilichopakuliwa, kilichotoka kwenye flashi ya mtu, kilichotoka kwenye simu. Asili ni pa rekodi zangu mwenyewe kama zilivyotoka kwenye kinasa sauti, zisizokatwa wala kuguswa. Ghala ndimo mnamofanyiwa kazi, na hakuna sauti inayoingia humo kabla sijaisikiliza na kuipa jina. Chini ya Ghala weka mapigo ya moja moja, lupu, melodi, sauti za watu, na sauti za mazingira. Usizame zaidi ya hatua tatu au nne. Folda yenye faili mbili inakupotezea muda sawa na yenye faili elfu mbili.

Ngoma zetu hazitoshi folda moja

Pakiti nyingi zinazouzwa kutoka Ulaya na Marekani huwa na folda moja ya vitu vya Afrika. Humo utakuta djembe ya Afrika Magharibi imelala na kayamba la pwani ya Kenya, na kitu fulani kilichoitwa ngoma namba 7. Kwa anayeuza Berlin hilo halina madhara makubwa. Kwako wewe ni hasara, maana unajua tofauti na wasikilizaji wako wanaijua. Mtu wa Tanga akisikia chapuo mahali pa vumi anajua kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kukieleza.

Kwa hiyo panga kwa majina ya kwetu. Msondo una folda yake, chapuo yake, vumi yake. Dumbaki na rika za taarabu zikae jirani, kwa sababu ndivyo zinavyopigwa. Kayamba, njuga na manyanga ni kundi moja la kuchezesha. Ukiwa Kisumu utahitaji nyatiti na orutu, ukiwa Bungoma litungu. Zikishakuwa nyingi, gawa kwa jinsi zilivyopigwa: kiganja, fimbo, vidole, ukingoni, katikati ya ngozi. Maelezo hayo ya mkono yana faida kuliko jina la pakiti, kwa sababu ukiwa katikati ya biti kichwa chako kinauliza hivyo: nataka kitu kikavu, kifupi, cha ukingoni.

Tumia pia maneno ya sikio ambayo tayari tunayo. Nzito, nyepesi, kali, butu, kavu, yenye mwangwi, ya kukwaruza, ya kuvuma. Chagua kumi hivi na ushikamane nayo. Ukiandika nzito leo na kesho ukaandika zito au besi kubwa, kisanduku cha kutafutia hakitakusaidia. Kompyuta inalinganisha herufi, maana haiijui.

Jina la faili

Mpangilio ninaoutumia ni kifaa, namna, sifa, tempo, nota, mahali, tarehe, kadiri vinavyohusika. Pigo moja la kiki halina haja ya zaidi ya kiki_nzito_fupi_03.wav. Lupu niliyorekodi mwenyewe inaweza kuwa msondo_kiganja_kavu_100_temeke_2024-06-12.wav. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, nayo itajipanga yenyewe. Namba ziwe na sifuri mbele, 01, 02, 03, kwani programu nyingine huweka 10 kabla ya 2. Tumia kistari cha chini badala ya nafasi. Windows haikubali alama za \ / : * ? " < > | kwenye jina, na ile # ya nota za kupandisha inakubalika lakini huvuruga viungo vya intaneti ukituma kazi mbali, kwa hiyo mimi huandika Fs kwa F iliyopandishwa.

Tempo ndiyo namba itakayokuokoa mara nyingi zaidi. Kama lupu imekuja bila namba, hesabu mapigo yake kwa mguu, zidisha kwa 60, gawa kwa urefu wake katika sekunde. Lupu ya bar nne yenye mapigo 16 na urefu wa sekunde 9.6 inakupa 100. Hakikisha umeikata pigo kwa pigo kabla ya kupima, maana ukimya wa robo sekunde mwishoni unaharibu hesabu. Wanaotengeneza singeli, muziki unaokimbia kuanzia 200 hadi karibu na 300, wanajua ladha ya hesabu hii: mapigo hayo hayo 16 kwa tempo ya 240 yanaisha ndani ya sekunde 4. Wanajua pia kwamba lupu ya 105 inafaa kwenye wimbo wa 210. Andika tempo unayoihesabu kwa mguu, halafu uwe na mazoea ya kutafuta na nusu yake. Na kama ngoma inakwenda kwa tatu tatu, kama zilivyo ngoma nyingi za pwani, ongeza 6-8 kwenye jina. Ukiisahau, utailazimisha ngoma iliyokuwa inayumba vizuri ikae kwenye mistari ya nne nne, na utailaumu bure.

Nota inataka uangalifu zaidi. Kinanda cha kompyuta kimegawanywa sawasawa, senti 100 kutoka nota hadi nota. Ilimba ya Wagogo, ile ambayo Hukwe Zawose aliisafirisha hadi kwenye majukwaa ya dunia, haikutengenezwa kwa kipimo hicho, na nota zake nyingi huangukia kati ya nota za piano. Ukiandika G tu, siku ya kuiweka juu ya kinanda utasikia meno yakigongana na utaishia kuinyoosha kwa programu ya kurekebisha sauti, ukiua kilichokufanya uirekodi. Pima kwa programu ya kusawazishia gita, uandike G+30 kama imezidi kwa senti 30, au afadhali upandishe kinanda kiifuate ilimba. Kwa taarabu, jina la maqamu, rasti, bayati, hijazi, lina habari nyingi kuliko nota peke yake. Kama hulijui, muulize anayepiga udi. Watu hao hufurahi kuulizwa.

Kuhusu aina ya faili, sitasema mengi. Tunza WAV. Rekodi zako zifanye kwa biti 24; kwa kasi ya 48,000 stereo zitakula MB 17 hivi kwa dakika, na hiyo si bei kubwa. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni inapotengenezwa, ndiyo maana lupu ya MP3 huchechemea ikirudiwa. Mtu akikutumia sauti kwa WhatsApp, mwombe aitume kama dokumenti. Ikija kama ujumbe wa sauti imeshabanwa, na kilichotoka hakirudi.

Haki ziandikwe pamoja na sauti

Kuna imani mitaani kwamba kuchukua sekunde chache za wimbo wa mtu ni bure. Sheria haina kipimo hicho. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo ofisi yake. Zanzibar ina COSOZA, na Kenya ina Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Rekodi ya zamani ya dansi au taarabu kwa kawaida ina haki za aina mbili: ya aliyetunga na ya anayemiliki rekodi. Ukikata kipande unahitaji ruhusa ya pande zote mbili, hata kama umekipandisha kasi mara mbili na hakuna atakayekitambua.

Hili linakuwa jepesi kama ghala lako linasema ukweli. Kwenye jina la kila sauti iliyokatwa kutoka kwenye wimbo wa mtu, mimi huanza na neno RUHUSA kwa herufi kubwa. Likionekana kwenye mradi, najua wimbo huu hautoki kabla sijazungumza na mtu. Za Freesound, hifadhi ya sauti iliyoanzishwa na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona mwaka 2005, zina leseni tofauti kwa kila faili. CC0 unaitumia utakavyo. CC BY inataka umtaje mrekodi. CC BY-NC haikuruhusu kuiingiza kwenye kazi ya biashara, na wimbo unaouza ni biashara. Andika leseni kwenye jina siku unayopakua, kwa sababu baada ya mwezi hutarudi kuitafuta. Pakiti ulizolipia nazo kwa kawaida hukuruhusu kuzitumia ndani ya nyimbo bila malipo zaidi, lakini hazikuruhusu kuuza au kugawa sauti zenyewe. Ile desturi yetu ya kupeana GB 30 kwenye flashi iko nje ya ruhusa hiyo, na ndiyo inayotuletea nusu ya mafaili tusiyojua yametoka wapi, pamoja na virusi.

Nakala

Umeme unakatika diski ikiwa inaandika. Laptopu inaibiwa kwenye basi. Diski ya nje inaanguka kutoka kwenye stuli, inatoa mlio wa tiki tiki, na ndio mwisho. Uwe na nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja isikae nyumba unayolala. Kwa wengi wetu intaneti ni bando, na kupandisha TB nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni ni ndoto. Usipandishe yote. Pakiti ulizonunua utazipakua tena kwa akaunti yako. Kisichopatikana tena ni folda ya Asili, zile rekodi zako, na miradi iliyofungwa. Anza na hivyo, kidogo kidogo usiku wakati bando ni rahisi.

Ukinunua diski ya kutembea nayo kati ya Windows na Mac, iumbizwe kwa exFAT. FAT32 haikubali faili linalofika GB 4, na NTFS kwa kawaida Mac huisoma bila kuiandikia.

Usijaribu kupanga miaka mitano kwa wikendi moja. Utachoka Jumamosi mchana, na hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo, nusu huku nusu kule. Anza na Mapokezi: kuanzia leo hakuna kinachoingia Ghala bila jina. Za zamani zipange kadiri mkono unavyozigusa. Kila sauti unayoitumia kwenye wimbo, ipe jina na uilete Ghala wimbo ukishafungwa. Baada ya miezi sita utaona kwamba vilivyobaki nje ni vile ambavyo hukuvihitaji. Kiki 20 unazozijua kama sauti za ndugu zako zitakufikisha mbali kuliko 3,000 za kupekua.

Na ukienda kurekodi, kabla ngoma haijapigwa, bonyeza kinasa sauti na useme kwa mdomo wako: leo ni tarehe fulani, tupo mahali fulani, ngoma hii inaitwa hivi, anayepiga ni fulani bin fulani. Kisha mgeukie mwenyewe, mwombe aseme kama anaridhia sauti yake itumike kwenye muziki na namba ya simu atakayopatikana. Ni sekunde 20. Maneno hayo yatakaa ndani ya faili lenyewe hata jina lake likifutika.

Sauti 014 haikupata sekunde hizo. Nimeihamishia kwenye folda ya Asili, na kila ninapokutana na mpiga ngoma wa umri mkubwa humwekea aisikilize kwenye simu. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Bagamoyo aliisikiliza mara mbili, akaomba ya tatu, akasema mkono ule si wa kwao, ni wa watu wa Rufiji, na pigo lile la kuchelewa hufundishwa, halizuki. Nimebadili jina la faili. Alama ya kuuliza Windows haiikubali, kwa hiyo nimeandika ngoma_kiganja_nzito_huenda-rufiji.wav, na nauli ya kwenda Utete, huko Rufiji, nimeshaanza kuiweka.